Saa Iliyoitwa Kigongo

Masele wa maabara alikuwa na saa nane, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Zilikuwa za shule, zile za kubonyeza kwa kidole gumba mshale uondoke, ukabonyeza tena usimame. Zilikaa kwenye kabati la maabara ya fizikia tangu enzi vifaa vilipokuwa vikiletwa na lori la serikali, kabla serikali haijaanza kusema kwamba kila mtu ajitegemee. Kila asubuhi Masele alichukua saa moja, akasubiri milio ya saa moja redioni, akabonyeza. Redio ilipolia saa mbili, alibonyeza tena na kuandika kwenye daftari jinsi saa ile ilivyodanganya.

Baba yake alikuwa mfugaji huko Magu, na mfugaji hawajui ng'ombe wake kwa idadi tu, huwajua kwa tabia. Kwa hiyo saa nazo zilikuwa na majina. Mpiga Teke, mshale wake uliruka mbele kila ulipoanza. Padri haikukosea kamwe, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeipenda. Na kulikuwa na Kigongo, iliyopoteza sekunde tatu katika kila dakika, ikaitwa hivyo kwa heshima ya kivuko cha Kigongo, ambako mtu wa Sengerema huamka alfajiri akafika Mwanza jioni akiapa kwamba hakuchelewa.

Shule ilikuwa kwenye mawe, upande wa Butimba, na kutoka dirisha la maabara ziwa lilionekana limevaa magugu maji kama blanketi la mgonjwa. Masele alikuwa ameyatazama maji hayo kwa miaka kumi na tisa akiwa na koti lake la kaki na cheti chake cha darasa la saba. Walimu walikuja na kuondoka. Yeye alibaki, akipanga vifaa vya wengine kujifunzia.

Mwaka 1995 ilikuja barua. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na mhudumu wa maabara ambaye hadi tarehe thelathini Juni 1997 hatakuwa na cheti cha kidato cha nne, chenye ufaulu wa fizikia, angehesabiwa kuwa hana sifa za kazi anayoifanya. Barua haikusema ni nani aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa miaka yote hiyo bila sifa.

Kwa bahati alikuwa ameshaanza masomo kwa njia ya posta. Vijitabu vilimjia kutoka Dar es Salaam kwa Kiingereza, vimekunjwa na kulowana. Vilikuwa vijitabu vya huruma. Kimoja kilieleza jinsi ya kufunga kipande cha shaba kwenye uzi, kukibembeza na kupima muda wake, kisha kikasema: kama huna vifaa, tumia majibu yafuatayo. Masele, mwenye vifaa vyote kabatini, aliyasoma majibu hayo akatikisa kichwa.

"Hawa hawakupima," alimwambia mkewe, Getruda. "Majibu yamenyooka mno."

"Wewe soma uandike," Getruda alijibu. "Mwanaume mzima unabishana na karatasi ya posta."

Kila Jumamosi watahiniwa wa kujitegemea walikusanyika pale shuleni kwa mazoezi ya vitendo, wakiwemo polisi wawili, karani wa kiwanda cha minofu ya sangara, na Kokulinda, muuguzi kutoka Sengerema, aliyefika wa mwisho kila mara akilaani magugu yaliyozuia kivuko. Masele aliwaandalia meza wote. Kisha alivua koti la kaki, akalitundika msumarini, akaketi miongoni mwao kama mwanafunzi.

Mwalimu wao alikuwa Byabato, Mhaya wa miaka thelathini na mitano mwenye shahada ya chuo kikuu na mwandiko wa kupendeza. Asubuhi alimwamkia Masele "shikamoo, mzee" getini, na saa nne Masele alisimama pamoja na wenzake kumwamkia yeye. Ubaoni Byabato hakuwa na mpinzani. Lakini vifaa vilimtisha. Chuoni walikuwa watu kumi kwa kila kifaa, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, kundi lake lilimfanya mwandishi. Wengine walipima, yeye akaandika. Alihitimu vizuri sana.

"Mzee Masele," angesema katikati ya somo, akiangalia saketi isiyowaka, "hebu waeleze wenzako kwa nini taa hii haiwaki."

"Waya huu, mwalimu, haujagusa."

"Umeona? Waya haujagusa. Andikeni."

"Nimeandika," Kokulinda angesema. "Sasa mwalimu ni yupi hapa, nimpe zawadi ya Krismasi?"

Darasa lilicheka, na Byabato alicheka nao, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimfundisha Masele Kiingereza cha vijitabu baada ya saa za kazi, mstari kwa mstari, na hakuwahi kumdai hata soda.

Tena kulikuwa na jambo jingine kati yao. Kila mtihani wa vitendo ulipofanyika, mwalimu wa kituo alitakiwa kulifanya jaribio lilelile, siku ileile, kwa vifaa vilevile, na kupeleka majibu yake katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Msahihishaji, asiyevijua vifaa vya Mwanza, angewapima watahiniwa kwa majibu hayo. Kwa miaka sita jaribio hilo alilifanya Masele, na Byabato aliandika. Hawakuwahi kulizungumza. Lilikuwa kama chumvi kwenye mboga, haipikwi bila hiyo na hakuna anayeisifu.

Novemba 1996 Masele akawa mtahiniwa. Sheria ilimkataza kuingia maabara kabla ya wakati, kwa hiyo Byabato alipanga meza mwenyewe. Jaribio lilikuwa la uzi na shaba: uzi wa mita moja, mibembeo ishirini ya kwenda na kurudi, na kutokana na muda huo ukokotoe dunia inavuta vitu kwa kasi gani. Kila aliyewahi kufungua kitabu cha fizikia analijua jibu. Ni tisa nukta nane.

Na kwa kuwa lilijulikana, watahiniwa wengi walianzia mwisho. Waliandika tisa nukta nane, kisha wakarudi nyuma wakitafuta muda wa kulitoshea. Wanafunzi huita jambo hilo kupika. Kokulinda, meza ya jirani, alikuwa na Padri mkononi na hakuibonyeza hata mara moja.

Masele alikuta mezani kwake Kigongo. Alitaka kucheka. Aliiachia shaba kwa utaratibu, akahesabu, na mshale ukasimama kwenye sekunde thelathini na nane nukta mbili. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho. Masele aliandika alichokisoma, kisha akaongeza mstari mmoja: "Saa hii huchelewa sekunde tatu kila dakika, nimesahihisha." Muda wa kweli ukawa arobaini nukta mbili, na dunia, kwa mujibu wa meza namba kumi na saba, ikavuta kwa tisa nukta saba saba. Alitoka nje ametulia kama mtu aliyempa ng'ombe wake haki yake.

Ndani, Byabato alibaki na karatasi thelathini na mbili na bahasha tupu. Askari wa kusindikiza mitihani alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Mwalimu aliupeleka uzi upande, akauacha, akapoteza hesabu, akaanza tena, akapoteza tena. Kumwita Masele hakuweza. Akazifunua karatasi. Thelathini na moja zilisema tisa nukta nane kwa unyoofu uliomtia aibu hata yeye. Moja ilisema tisa nukta saba saba. Byabato alikuwa mtu mwaminifu kiasi cha kutambua ipi ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo aliyoinakili. Aliinakili yote kwa mwandiko wake mzuri, pamoja na ule mstari wa saa kuchelewa.

Machi 1997 matokeo yalibandikwa. Fizikia ya kituo kizima ilikuwa imezuiwa. Watu thelathini na mmoja waliopika jibu moja hawakumshangaza msahihishaji yeyote. Kilichomshangaza ni mhudumu wa maabara ambaye majibu yake yalifanana hadi nukta ya mwisho na majibu ya mwalimu yaliyokuwa ndani ya lakiri.

"Umetuponza, mzee," Kokulinda alimwambia getini, bila utani safari hii. "Nimevuka maji miaka mitatu kwa ajili ya cheti hiki. Kwa nini hukupika kama watu?"

Juni ilikuwa inakuja. Getruda ndiye aliyekuwa na jibu.

"Anakuja afisa wa mitihani, si ndiyo? Mwambie kwamba mwalimu alikuibia. Maneno mawili tu, basi."

"Nikimwambia mwaka huu aliniibia, ataniuliza mwaka jana alifanyaje. Na mwaka juzi. Miaka sita, mama Suzana. Watoto wangapi wana vyeti kwa majibu yangu?"

"Na wewe huna hata kimoja."

Afisa alikuja mwezi Mei. Jina lake Venant, kijana nadhifu mwenye mkoba na saa ya mkononi ya tarakimu, mpya, ya kutoka Dubai. Aliketi maabara, Masele upande huu na Byabato upande ule, na karatasi zao mbili kati yao.

"Mzee, shikamoo. Nitauliza mara moja. Nani aliona karatasi ya mwenzake?"

Byabato alitazama ziwa.

"Mimi niliisoma saa, bwana," Masele alisema. "Mwalimu kama naye aliisoma saa hiyohiyo, saa ile haina maneno mawili."

Venant alitabasamu kidogo. "Vema. Basi tuiulize. Fizikia inasema watu wawili wakweli wakipima kitu kimoja watakaribiana. Fanyeni hapa, mbele yangu, mmoja baada ya mwingine. Mkikaribiana, naondoka na nawaomba radhi. Lete saa ileile."

Masele alianza. Alishika Kigongo kama anavyoshikwa mnyama mzee, bila haraka. Alihesabu kimoyomoyo, akabonyeza: thelathini na nane kamili. Venant, aliyekuwa akipima kwa saa yake ya Dubai, alisoma arobaini. Masele akasahihisha, akakokotoa, akapata tisa nukta nane saba.

"Mbona si lile jibu lako la Novemba?"

"Mkono ni mkono, bwana. Ningelipata lilelile ungenitilia shaka zaidi."

"Kweli kabisa," Venant alisema, na akaandika kitu. "Mwalimu, karibu."

Hapo ndipo Masele alipoelewa kwamba ajira yake, cheti chake na miaka mitatu ya Kokulinda vyote vilikuwa vimening'inia kwenye uzi ule, na uzi ulikuwa mkononi mwa mwandishi wa kundi. Byabato aliivuta shaba upande. Aliiachia, akabonyeza, na midomo yake ikasema, "Moja."

Masele alifumba macho. Ni kosa la kila anayeanza. Unapoachia, mbembeo haujafanyika hata mmoja. Unaanza na sifuri. Alikuwa amewaambia wanafunzi hivyo kwa miaka kumi na tisa akiwa amesimama nyuma ya darasa lililokuwa likimsikiliza mtu mwingine. Sasa hakuruhusiwa kusema. Akakohoa.

Byabato aligeuka kumtazama. Alipourudisha uso kwenye uzi, alikuwa kati ya kumi na tatu na kumi na nne, na hakujua ni upande gani. Alichagua cha juu. Saa ilisimama kwenye thelathini na nne nukta mbili. Alisahihisha, akakokotoa kwa mwandiko safi, akafika kumi na mbili nukta mbili.

Nje korongo mmoja alitua juu ya jiwe, akajikunyata.

"Mwalimu," Venant alisema taratibu, "kwa hesabu hii, mawe ya Mwanza yangekuwa yameshazama ardhini."

Byabato aliiweka saa mezani. "Alipima yeye," alisema. "Amepima yeye miaka yote. Mimi niliandika."

Masele alitazama mikono yake. Hakuwa amesema neno, na bado alijiona kama aliyesema.

Wiki tatu baadaye barua ilifika. Ilikuwa na mantiki isiyo na dosari. Kwa kuwa majibu ya mwalimu ya mwaka huo hayakuwa yake, hayangeweza kutumika. Na kwa kuwa bila hayo hakuna jaribio linaloweza kusahihishwa, mtihani wa vitendo wa kituo kizima ulifutwa, na watahiniwa wangepewa alama kwa mtihani wa nadharia peke yake. Miaka iliyotangulia haikutajwa. Inaonekana hakuna aliyetaka kuihesabu. Byabato alipewa onyo la maandishi, akaachwa palepale, kwani mwalimu mwingine wa fizikia hakupatikana mkoani.

Hivyo mtu aliyezijua saa nane kwa majina yake alifaulu fizikia kwa kile alichokariri kwenye vijitabu vya posta. Alipata D. Ilitosha. Barua ya ajira haikudai zaidi. Kokulinda, aliyeshika Padri bila kuibonyeza, alipata C, akavuka na kilo mbili za sato wa kukaanga kuja kumpa pole.

"Usihuzunike, fundi," alimwambia akicheka. "Siku nyingine uniulize, nitakufundisha."

Jumatatu iliyofuata Byabato aliingia maabara kabla ya kengele. Alivua koti lake la suti, akatafuta mahali pa kulitundika, akalitundika kwenye msumari wa Masele.

"Shikamoo, mzee. Nifundishe kuhesabu."

"Marahaba. Vuta uzi. Ukiachia, sema sifuri."

Alikosea mara nne. Mara ya tano alipata thelathini na nane nukta nne, akacheka peke yake kama mtoto aliyepata samaki wa kwanza.

Barua ilikuwa na aya ya mwisho. Iliagiza kwamba saa yenye hitilafu, chanzo cha mkanganyiko wote, iharibiwe, na mhudumu wa maabara atume taarifa kwa maandishi. Masele aliisoma mara mbili. Kisha alichukua karatasi, na kwa Kiingereza alichofundishwa na Byabato akaandika kwamba saa hiyo ilipondwa kwa nyundo tarehe kumi na saba Juni, saa nne asubuhi, mbele yake, na vipande vikafukiwa. Alitia sahihi.

Ilikuwa taarifa ya kwanza aliyowahi kuipika maishani mwake, na ilipokelewa bila swali. Mfukoni mwa koti la kaki Kigongo ilikuwa ikienda, nyuma ya wakati kwa dakika tatu kila saa, kama kawaida yake.