Mluzi Mbele ya Mama Mkwe

Uvimbe wa baba ulianza chini ya sikio, mdogo kama punje ya buni. Pale kwetu Nyaishozi kila jirani alikuwa na dawa yake, na kila dawa iliuacha ukiwa mkubwa zaidi. Ulipofikia ukubwa wa yai la kuku, baba akakubali kwenda hospitali.

Daktari hakumficha. Ile ni tezi ya mate, alisema, na katikati yake unapita mshipa wa fahamu unaochezesha uso. Kisu kikiukata, mdomo utakwenda upande na jicho halitafumba.

Baba ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo kwenye posa. Hakuna binti wa kwetu aliyeolewa kabla baba hajambishia mshenga mpaka akatokwa jasho.

"Mdomo ukipinda," alimwambia mama, "nani atanisikiliza bila kucheka?"

Aliogopa kweli, nasi tukaogopa naye.

Kesho yake baada ya upasuaji, bibi mzaa mama alifika kutoka Ihembe na ndizi zake zilizopikwa na maharage. Kwetu mwanamume hafanyi upuuzi mbele ya mama mkwe. Tangu baba aoe, wale wawili hawakuwahi hata kula wakitazamana. Kwa hiyo bibi alikaa kwenye benchi, akampa mgonjwa mgongo, akauuliza ukuta hali yake.

Daktari akaingia. Alikuwa mtu wa mbali, hakuzijua mila zetu.

"Shikamoo mzee. Hebu kenua meno."

Baba kimya.

"Jaza hewa mashavuni."

Kimya.

"Basi piga mluzi kidogo."

Baba akatazama dari. Daktari akashusha pumzi na kusema huenda mshipa umeguswa. Mama akaangua kilio. Mimi nilikasirika mno, nikatamani kumfinya baba na heshima zake.

"Waitu, daktari wetu mpendwa, si mshipa," bibi aliuambia ukuta. "Ni mimi."

Akajaribu kuinuka atoke, miguu ikamkatalia. Akajifunika kanga kichwa kizima.

"Piga, mwanangu. Hapa hakuna mkwe."

Baba akakusanya midomo. Kwanza ilitoka pumzi tupu, na upande mmoja ulijivuta kwa uvivu. Kisha ukatoka mluzi, mwembamba, ukitetemeka. Mama akacheka huku kamasi zikimtoka. Baba aliona haya mpaka akafumba macho, yote mawili.

Ndani ya kanga bibi alikuwa analia.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Sijashiba."