Dume la Msiba wa Bibi

Bibi alifia nyumbani kwetu Kilosa mjini, katika chumba kilichopakana na stoo ya saruji, na mpaka mwisho alikohoa vumbi la biashara ya mwanawe. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi hapo mjini, na kundi la ng'ombe upande wa kwenda Mikumi. Kwao ni Vidunda, juu mlimani, ambako watu ni wa jembe na kanisa. Alishuka kijana, akauza misumari kibandani, kibanda kikawa duka. Alipoanza kununua ng'ombe ndugu zake walimcheka, naye akawajibu kwamba bati halizai.

Ng'ombe aliwaweka kwa mzee mmoja mfugaji, ambaye aliwachunga pamoja na wa kwake.

Kisha ukaja ukame. Mto ulisinyaa, majani yakawa yanavunjika chini ya kwato, na kijani pekee kilichobaki bondeni kilikuwa mpunga wa watu wa mlimani wanaoshuka kulima huko. Ng'ombe wa baba waliingia katika shamba la dada yake mkubwa. Asubuhi moja ilitosha. Shangazi yangu ni mjane, na mpunga ule ndio aliokuwa akiutazamia kuwalisha wajukuu.

Baba hakukana. Siku ileile alimtuma dereva wake na lori la mahindi, magunia mengi kuliko ambayo shamba lile lingetoa. Lori lilirudi jioni na mzigo wote.

"Amesemaje?" baba aliuliza.

Dereva alivua kofia. "Amesema, mwambie mdogo wangu miguu anayo."

Kwao, aliyekosa huenda mwenyewe. Huketi chini uani kwa aliyemkosea, akakaa hapo mpaka apewe maji. Akishapewa maji ndipo fidia hutajwa. Baba aliijua desturi hiyo kama alivyoijua Baba Yetu, lakini miaka ya dukani ilikuwa imemzoesha kumaliza mambo kwa mzigo. Akasema atapanda mlima bati zikishashushwa dukani. Zilishuka bati, ikaja saruji, zikaja nondo. Mvua zilirudi, mpunga ukapandwa upya, naye bado alikuwa anasubiri nafasi. Akafa mama yao.

Basi tulipompandisha bibi kwenda kumzika, baba alitanguliza dume wake mzuri kuliko wote, mweusi, mwenye nundu iliyolala upande. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ndugu wakila nyama ile, baba bado ni wao.

Shangazi alikuwa uani akichambua maharage pamoja na wanawake wengine. Baba alimwinamia.

"Shikamoo, dada."

Shangazi alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. Dereva, aliyesimama nyuma yetu, naye akaamkia. Shangazi aliinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Wewe nakufahamu. Wewe ndiye unayekujaga."

Mwanamke mmoja alikohoa kuficha kicheko. Baba alibaki ameinama muda kidogo, kama mtu aliyeangusha kitu na hakioni.

Vijana walichinja, wakapika. Tulimzika bibi kwenye udongo mwekundu wa mteremkoni, padri akarudi nasi kubariki chakula, watu wakapanga mstari na sahani zao. Ugali ulichotwa, maharage yakachotwa. Kwenye masufuria ya nyama mstari ulipita kama maji yanavyopita jiwe. Baba mdogo, mpenda nyama kuliko wote katika ukoo, alisimama pale. Harufu ilikuwa nzuri. Akamtazama shangazi, akaivuta sahani yake kifuani, akasogea.

Ndipo baba alipopiga magoti, na suti yake ya msiba, mbele ya watu wote.

"Dada, nimekosa. Nisamehe."

"Umesubiri mama afe," shangazi alisema, bila kupaza sauti, "uje kuniomba mahali ambapo nitaona haya kukataa. Hiyo nayo ni biashara, mdogo wangu. Inuka, unachafua suruali."

Padri aliangalia viatu vyake. Mimi ndiye niliyemshika baba mkono kumwinua, na mkono wake haukuwa na uzito wowote.

Tuliteremka na masufuria yaleyale ndani ya lori. Kila kona mchuzi ulimwagika, tukausikia ukitiririka kwenye bodi nyuma yetu. Baba hakutaka kurudi Kilosa. Alimwelekeza dereva bomani kwa mzee mfugaji.

Mzee alifunua sufuria moja. "Nyama ya nini?"

"Ya msiba wa mama."

"Ndugu zako wameshiba?"

Baba alifunua la pili. Mzee aliwaita wanawe, wakaketi, akachagua kipande na kumpa baba kwanza. Walikula kwa heshima, kama waliomjua bibi. Jua lilikuwa limeshuka. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka mtoni, wanene, wakitembea polepole.

Baba alielekeza kidole kwenye mti wa mkwaju nje ya uzio.

"Mzee, siku yangu ikifika, mnilaze pale."

Mzee aliutazama mkwaju, kisha akamtazama baba kwa huruma ambayo sikuwa nimeiona mlimani.

"Sisi tunahama, rafiki yangu. Tukihama, nani atabaki na wewe?"

Baba aliendelea kutafuna.