Tekla Nondo Kagoma Kuwa Shahidi

Jina la Nondo Tekla hakurithi kwa bibi yake, jamani. Alilipata dirishani kwa watu. Siku hiyo anatoka kuuza vitumbua, akapita kwenye nyumba ambayo haijaisha, njia ya kwenda Lupiro. Alitaka tu kuona sebule ingekaaje na pazia la kijani. Akapitisha kichwa katikati ya nondo za dirisha. Kuingia kiliingia. Kutoka sasa! Bodaboda wakajaa, mmoja akammwagia mafuta ya alizeti kichwani, mwingine anarekodi video. Jioni Ifakara nzima ilishambatiza.

Video hiyohiyo ndiyo iliyomleta Lukelo na pikipiki yake.

"Dada Nondo, lile pazia la kijani lingependeza kwangu."

"Kwako kuna dirisha?"

"Kuna tundu."

Tekla akacheka, habari yake ikaishia hapo. Wakahamia chumba kimoja cha kupanga. Ndoa? Mahari ilisubiri mavuno, mavuno yalisubiri maji yapungue shambani, na maji ya Kilombero hayapangiwi ratiba. Miaka ikakatika, mtaa ukawaita wachumba sugu.

Tekla hakujali, yeye alikuwa anajenga. Asubuhi ukungu ukitambaa kutoka milima ya Udzungwa, yeye kakaa na kikaango chake, na ndani ya moshi nyumba inainuka polepole: ukuta, baraza, upepo wenye harufu ya mpunga unaochanua. Vitumbua vikiungua, wateja wanaambiana, "Mwacheni, leo anapaua."

Kiwanja kikapatikana, cha Bibi Brigitha, nyuma kidogo ya mji. Kibubu kilikuwa kimoja: hela za boda na za vitumbua zimelala humo pamoja. Dada Yunis, msaidizi wa kisheria na mteja wa kila asubuhi, akamuuliza huku anatafuna:

"Jina lako limo?"

"Si ni chetu, dada?"

"Nondo, amka. Hamjafunga ndoa. Mkikaa pamoja miaka miwili na kuzidi, na watu wanawaona mke na mume, mahakama inaweza kuwadhania wanandoa. Inaweza! Na mtu anaweza kupinga. Lukelo akifa, sehemu yake ni ya warithi wake, na kama karatasi ina jina lake tu, wanasema chote ni chake. Andikeni majina mawili, na kila mtu sehemu yake."

Tekla akaitikia vizuri kabisa. Kisha ukungu ukashuka tena.

Siku ya mauziano walizunguka mipaka kama desturi, majirani wakionyesha mpaka unapoanzia. Wanaume mbele, Tekla nyuma, anatembea ndani ya nyumba ambayo haipo. Hapa jiko. Hapa mtoto atajifunza kutambaa. Alipozinduka wameshakaa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, na mtu anampa kalamu.

"Saini hapa, mama."

Akainama kwa furaha, moyo unapiga ngoma. Juu ya mstari pameandikwa: shahidi. Mnunuzi ni Lukelo peke yake.

Kalamu ikaganda.

"Mimi shahidi wa nini?"

"Si wa kiwanja chetu, mpenzi?" Lukelo akatabasamu.

Baba mdogo wake, mzee Kasmiri, aliyetoka Malinyi kusimamia upande wa mume, akakohoa. "Mwanangu, wewe bado mgeni. Mahari haijafika kwenu."

"Shikamoo zako zote nakupa, baba. Ila mahari ndiyo haijafika, hela ya vitumbua ilishafika." Akamgeukia Lukelo. "Leo ukigongwa na lori la miwa, hapa nitashuhudia nini? Ninavyofukuzwa?"

Bibi Brigitha, mwenye kiwanja, akajinyoosha kwenye kiti. "Mimi sina haraka. Ila simuuzii mtu mmoja kitu nilichoonyesha watu wawili."

Lukelo akaitazama helmeti mapajani kama imeandikwa majibu. Kisha akaichana karatasi vipande viwili.

"Mwenyekiti, anza upya. Tekla na Lukelo, nusu kwa nusu."

"Na shahidi?" mwenyekiti akauliza. "Huyu sasa kawa mnunuzi."

Yunis akapigiwa simu, akaja mbio kusaini upande wa Tekla. Mzee Kasmiri akasaini upande wa pili, ananung'unika, "Nimekuja kwenye kiwanja, nimekuta harusi."

Baadaye Tekla akarudi kiwanjani peke yake. Majani yamelowa, ukungu umekaa magotini. Nyumba ikainuka kama kawaida yake. Safari hii hakuikimbiza, aliiacha isimame, maana ardhi iliyo chini yake ilikuwa inamjua kwa jina.

Haya, wachumba sugu wenzangu, msijifiche. Nyie mlinunua vipi, jina la nani limo, na nani aliwekwa shahidi kwenye jasho lake? Mwageni stori zenu hapo chini, tunasoma zote.