Rota Moja, Magari Mawili

Kha-kha-kha-kha, halafu kimya. Mlio huo wa gari lisilotaka kuwaka ninao masikioni hadi leo, na bado unanichekesha, maana kwetu ulimaanisha jambo moja tu: rota iko kwa jirani.

Rota ni kipande cheusi, kidogo kama kizibo, kinachozunguka na kuzigawia plagi moto. Miaka ile ya sabini rota ya jirani ilipasuka, na Kisii nzima hakupata nyingine. Gari lake na letu, yote makuukuu, yalitoka viwanda tofauti, lakini baba alijaribu rota yetu kwake ikaingia kama imezaliwa humo. Basi wakaitumia wote. Siku za kazi jirani anapeleka ndizi soko la Nyakoe. Ijumaa kabla jua halijatua anairudisha, sisi Wasabato twende kanisani Jumamosi. Jumapili yeye, Mkatoliki, aende misa. Mimi niliwaona wazee wale kama mafundi wa dunia.

Ijumaa moja alichelewa. Kesho yake dada yangu angebatizwa mtoni, na Magokoro, nyanya yetu asiyeweza tena kutembea, alikuwa ameshatoa kitambaa chake cheupe cha kichwa. Jirani alifika jua limezama.

"Pole, mzee, nilipata pancha," alisema langoni, akifungua boneti ya gari lake. "Dakika mbili tu."

"Sabato imeingia. Sishiki spana."

"Nitashika mimi. Kwangu bado ni Ijumaa."

"Amri inamkataza hata mgeni aliye ndani ya malango yangu," baba akasema.

Jirani akatazama miguu yake, akarudi hatua moja nje ya lango. "Na sasa?"

Magokoro alicheka hadi akakohoa. Baba naye akacheka, lakini hakukubali.

"Basi rota ilale kwangu," jirani akasema. "Kesho Magokoro atapanda gari la Kikatoliki."

Asubuhi alikuja amevaa tai. Alimbeba Magokoro mgongoni hadi ukingoni, na dada alipoibuka majini, amina ya jirani ilizishinda zetu zote.

Ijumaa iliyofuata, jua likiwa bado juu, nilienda kwake peke yangu. Alikuwa migombani, nikamwita, akanipungia mkono niendelee. Nilifungua boneti, nikafyatua vibanio viwili vya kifuniko cha rota kama nilivyowaona wakifanya, nikachomoa rota, nikaifunga kwenye leso yangu.