Kinyozi Aliyeitwa Papa

Wateja walimwita Papa, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwenye kioo cha mlango alichorewa samaki papa mwenye meno kama msumeno, na ndani, ukishakaa kitini na kufungwa kitambaa shingoni, huna pa kukimbilia: lazima usikie alivyomwokoa kaka yake asizame. Yeye alikuwa na miaka saba, kaka kumi na mmoja, na alimvuta kwa kola ya shati mpaka mchangani. Wateja wa siku nyingi walijua hata mahali pa kusema "Lo!"

Ukweli, tuuseme tu, ulikuwa kinyume. Aliyezama ni yeye.

Nyumba yao ilikuwa karibu na bahari kiasi kwamba mchanga ulilala nao kitandani. Mama alikataza watoto kuingia majini bila mtu mzima, na hakuhitaji shahidi. Alikushika mkono, akakukwaruza kwa ukucha, na chumvi iliyokaukia ikitoa mstari mweupe, umekwisha. Siku hiyo mdogo aliingia kwa ubishi wake, maji yakamchukua, na kaka akamfuata na nguo zote mwilini. Alipomtoa, alimpeleka nyuma ya nyumba, akamwogesha kwa maji ya pipa toka kichwani mpaka vidoleni, akamvisha shati kavu. Kufikia zamu yake mwenyewe, pipa lilikuwa tupu.

Mama alipokwaruza, mstari ulitoka mkononi mwa kaka peke yake.

"Mimi ndiye niliyeingia," kaka akasema. "Huyu alikuwa mchangani, ananiita nitoke."

Alichapwa mpaka jirani akaja kumwombea msamaha. Mdogo alisimama mlangoni, mkavu, ananukia sabuni, na hakusema neno.

Uongo ulianzia hapo. Kutoka "ananiita" mpaka "nikamvuta" ni safari fupi sana kwa mtu mwenye ulimi mwepesi na wateja wasioweza kugeuza shingo.

Basi Jumamosi moja asubuhi kaka, ambaye aliishi mbali na alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, akaingia bila taarifa. Alikuwa na mvi tele. Kinyozi alimkumbatia kwa furaha ya kweli, akamkalisha kwenye benchi pamoja na waliokuwa wakisubiri. Halafu akakumbuka, na wembe ukasimama hewani, juu ya kidevu cha fundi bomba aliyekuwa kitini.

"Nani huyu, Papa?" fundi bomba akauliza katikati ya povu.

"Kaka yangu."

"Yule yule? Aliyezama?" Fundi bomba alijiinua kitini na kitambaa chake. "Karibu, marehemu uliyeghairi! Hebu tusimulie wewe, maana huyu tunajua anavyopamba."

Benchi zima likacheka. Kinyozi alimtazama kaka yake kwenye kioo. Neno moja tu kutoka kwa kaka lingemvua nguo mbele ya watu wake wote, na alijua afadhali aliseme yeye mwenyewe, sasa hivi. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaanza kuufuta wembe povu.

Kaka naye alimtazama, akaelewa yote.

"Ni kweli," akasema polepole. "Alinishika kwa kola. Na mimi nilikuwa nimemkaba shingo, nampiga mateke, namng'ata, maana anayezama hana akili. Nusura tuzame wote. Hakuniachia. Alikuwa ananiambia, 'Tazama nyumbani, usitazame maji, tazama nyumbani.' Anasema huku analia."

Kwa miaka arobaini kinyozi alikuwa ameisimulia hadithi hii, na haya hakuyajua. Hakujua kwamba aling'ata. Hakujua kwamba kaka alilia. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na viti vyake.

"Sasa mzee," fundi bomba akasema, safari hii bila utani, "umeshawahi kumshukuru?"

"Bado."

Kaka akainuka kwenye benchi. Hakukuwa na kejeli hata chembe usoni mwake alipomnyooshea mkono mbele ya watu wote.

"Asante, mdogo wangu."

Kinyozi akaupokea.

"Usijali, kaka," akasema.