Nilivyogeuka Mjane Siku ya Wazazi

Mume wangu yuko hai, anaendesha lori la unga, na jana tu amekula sahani mbili za githeri akauliza kama imebaki nyingine. Lakini ukiingia hapa kwenye mtaa wetu uitwao Tena ukaulizia nyumba ya Mama Mutuku, watoto watakuuliza, "Yule Mjane?" na watakusindikiza hadi mlangoni. Jina hilo nilijipatia mwenyewe, mchana peupe, mbele ya wazazi wa shule nzima, na nikikumbuka bado masikio yananiwaka. Basi acheni niwasimulie mimi, maana majirani wataongeza chumvi na kisa hiki hakihitaji chumvi.

Kwanza mumjue Mutuku. Ni kifungua mimba wangu, ana miaka kumi, na ana afya, yaani ile afya tunayoisema sisi tukiona mashavu, kitambi na sare ya shule ya saizi ya kijana wa miaka kumi na tano. Nilijivunia mwili ule (mimi nimekulia Kitui miaka ya ukame, mtoto mnono kwangu ni cheti). Alikuwa akikoroma pia, mkoromo wa mtu mzima, na katikati ya kukoroma ananyamaza kabisa, halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini. Nikasema amerithi kwa babu yake. Darasani naye alikuwa analala juu ya daftari, na ndugu zangu wakasema ni jina hilo, maana Mutuku kwa Kikamba ni aliyezaliwa usiku, sasa mlitaka mchana afanye nini?

Mwalimu wake, Madam Nafula, akaniita. Akaniambia kwa upole, "Mama Mutuku, huyu mtoto analala hata akiwa amesimama kwa mstari. Na akilala anapumua vibaya. Tafadhali mpeleke hospitali."

Mnajua mimi nilisikia nini? Nilisikia mwanamke mwembamba akiniambia mwanangu ni mnene na mimi sijui kulea. Nikamjibu kwamba mwanangu hana shida yoyote, shida ni masomo yake yanayoboesha, na kama anabisha basi ampe nafasi kubwa katika mchezo wa kuigiza wa Siku ya Wazazi tuone kama atalala. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa. Mwalimu akasema sawa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mzee tajiri anayejifanya mahututi ili asikie wanawe watasema nini juu ya shamba. Analala kitandani, wanawe wanagombana weee, mpaka yule mkubwa anapiga kelele, "Tugawane shamba!" na hapo mzee anaruka na kuwatimua kwa bakora. Mutuku alipewa mzee kwa sababu ya kitambi, na pia kwa sababu (hili nililielewa baadaye) kazi yake karibu yote ilikuwa kulala. Maneno yake yalikuwa haya tu: "Mlidhani sisikii? Nimewasikia wote!" Tuliyafanyia mazoezi wiki mbili mpaka mdogo wake wa miaka mitatu akawa anatufokea nayo mezani.

Siku ilipofika nikavaa kitenge kipya na viatu virefu vyekundu nilivyoazima kwa dada yangu wa Buruburu, nikaketi mstari wa mbele kabisa. Mutuku nilikuwa nimemshindilia chapati nne na soda ili apate nguvu. Pazia likafunguliwa, mzee amelala, blanketi hadi kiunoni, kipaza sauti kando ya mto ili maneno yake yasikike vizuri. Dakika mbili hazikuisha, ukumbi mzima ukasikia mkoromo.

Watu walicheka wakashika mbavu. "Huyo kijana ni moto!" akasema baba mmoja nyuma yangu. Nami, badala ya kuona haya, nikamgeukia mama aliyeketi kando yangu nikamwambia, "Ni wangu huyo. Ana kipaji tangu utotoni." Madam Nafula alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, na yeye hakucheka.

"Tugawane shamba!" akasema mwana mkubwa. Mzee anakoroma. "Nimesema tugawane shamba!" Mzee anakoroma. Mara ya tatu yule mtoto alimfinya mzee kidole cha mguu, akamsihi kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kilitugawia sote, "Mutuku, amka bana, ni wewe sasa." Watu wakalia kwa kicheko. Kisha mkoromo ukakatika.

Wakadhani mzee ndio sasa amekata roho, wakapiga makofi, na mama mmoja akapiga hata nduru ya matanga kwa mzaha. Lakini mimi kimya kile nilikijua. Nyumbani kikija huwa naongeza sauti ya redio hadi kipite. Pale hapakuwa na redio. Nikaona kifua cha mwanangu kikihangaika kupanda na hakuna pumzi inayosikika, nikaanza kuhesabu bila kukusudia, na nilipofika kumi na mbili nikawa tayari niko mbio.

Kisigino kimoja kilibaki kwenye ngazi. Safari iliyosalia niliimaliza kwa magoti, nikaangusha kiti, nikaangusha jagi la maji ya mgonjwa, nikamwangukia mtoto nikimtikisa na kupiga mayowe, "Usiniache! Amka, usiniache!"

Ukumbi ukalipuka. Walidhani mjane wa mzee ndio ameingia.

Mutuku akashtuka, akavuta ile hewa yake ya kishindo, akafumbua macho akakuta mtu amemlalia kifuani, na kwa kuwa ni mtoto mtiifu aliyefanya mazoezi wiki mbili, akaninyooshea kidole na kunguruma, "Mlidhani sisikii? Nimewasikia wote!"

Watu walisimama kutupigia makofi. Nilikuwa nalia kilio cha kweli, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyoshangilia. Mwalimu mkuu akanipa thamosi kama mwigizaji bora wa siku, nami nikaipokea nikiwa na kisigino kimoja, ningefanyaje? Nyuma ya pazia Madam Nafula akanirudishia kile kisigino. Hakusema "si nilikuambia." Alisema tu, "Kesho nitamwandikia ruhusa. Mpeleke."

Nilimpeleka. Daktari akamulika koo, akanieleza kwamba nyama za kooni zimevimba karibu zikutane, na pamoja na mafuta ya shingoni zinaziba njia ya hewa akilala, kwa hivyo mwili unamwamsha tena na tena ili apumue. "Huyu si mvivu, mama. Ni mtoto ambaye hajalala vizuri kwa miaka." Kisha akauliza, "Hata nyumbani hunyamaza hivyo?"

Nikafungua mdomo niseme sijawahi kuona. Mutuku akanitangulia.

"Eeh, daktari. Mum huongeza redio. Nikishtuka huwa napata iko juu."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa anamsaidia daktari. Daktari aliandika, wala hakuniangalia, na mimi nilitamani urudi ule umati wa shule unicheke tena.

Alifanyiwa upasuaji, na mwalimu anasema siku hizi anainua mkono darasani. Uzito bado tunapambana nao. Chapati ni moja, soda ni Krismasi, na jioni tunatembea yeye na mimi hadi mtaa wa Umoja na kurudi, watoto wakiniita njiani, "Sasa, Mjane!" Mutuku huwakemea. Mimi huwaitikia. Na nimeapa kwamba mwalimu akiniita tena, awe na habari gani, nitaenda nikiwa na viatu vya chini na mdomo nimeufunga.

Jumapili iliyopita baada ya chakula Mutuku alijilaza kwenye kochi. Baba Mutuku akaingia akanikuta nimekaa sakafuni kando yake, akaniuliza nasikiliza nini na redio imezimwa. Nikamwambia avue viatu aje akae, asikilize na yeye.