Shimo la Baba na Shimo la Upepo

Baba yangu alikuwa na kazi ambayo kila ukiitaja, mtu anakuomba urudie. Alikuwa anahamisha mashimo. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu alituuliza wazazi wetu wanafanya kazi gani, nikajibu hivyo hivyo, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema shimo halihamishiki, linafukiwa tu. Nilirudi nyumbani nimenuna mdomo huo. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie mwalimu wako aje asubuhi."

Mwalimu hakuja, kwa hiyo inabidi nieleze mimi. Kwenye gofu neno shimo lina kazi mbili. Shimo ni ile njia nzima, kuanzia pale mchezaji anapopiga mpira wa kwanza mpaka kwenye bendera. Shimo vilevile ni kile kitundu chenyewe chini ya bendera, mpira unamotumbukia. Kitundu kikikaa mahali pamoja, nyasi za pembeni zinakanyagwa mpaka zinakufa. Basi kila alfajiri, wachezaji wakiwa bado wamelala, mtu huenda na kikatio, bomba fupi la chuma lenye ukingo mkali na mpini wa kushika kwa mikono miwili. Anakata shimo jipya mahali pengine, na donge la udongo lililotoka, na nyasi zake juu, analifanya kizibo cha kuzibia shimo la jana. Akiwa fundi, ukipita saa moja baadaye huoni hata alama. Baba alikuwa fundi, na alijijua.

Kazi hiyo ilimzungusha nchi nzima. Alianza milimani kwenye baridi, akahamishiwa nyikani, kisha pwani. Huko pwani ndiko alikokutana na kedi mmoja mrefu, mbeba mifuko ya fimbo za wachezaji, ambaye hakuthubutu kumshauri mtu apige vipi bila kwanza kulamba kidole na kukiinua hewani. Wenzake wakambandika jina la Upepo. Baba alipokuja kumalizia utumishi wake hapa mjini, Upepo naye akafuata, akidai amefuata kazi. Mama, Mungu amrehemu, alisema amefuata ubishi.

Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu, miaka nenda miaka rudi: katika nchi hii yote, shimo zuri kuliko yote ni lipi? Baba alishikilia la saba la milimani. Unasimama juu kabisa, ukungu uko chini yako, kijito unakisikia lakini hukioni, na mpira ukiupiga vizuri unakaa hewani mpaka unasahau kama uliupiga. Upepo alishikilia la kumi na nne la pwani. Pale bahari iko mkono wa kulia, upepo unautoa mpira juu ya nchi kavu, unautembeza kidogo juu ya maji na kuurudisha, ukitaka. Usipotaka, ndiyo basi.

"Hilo lako si shimo, ni bahati nasibu," Baba alikuwa akisema.

"Na lako ni blanketi," Upepo akimjibu. "Mtu anacheza gofu au anaota ndoto?"

Jambo moja tu walikubaliana. Kule nyikani maji hakuna, nyasi haziishi, na pale kwenye bendera, mahali ambapo kwingine pana nyasi laini, watu wa huko walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili usipeperuke. Ukimaliza kucheza unasawazisha kwa reki, unaondoka na viatu vinavyonuka gereji. Hakuna shimo baya kama yale, walisema wote wawili, na kuliweka shimo la mtu chini ya yale ya oili kulikuwa tusi ambalo hata wao hawakuwahi kutukanana.

Haya yote niliyasikia kwenye baraza ya nyumba yetu, maana ndipo ilipo cherehani yangu, na benchi lao liko hapo pembeni. Nimeshona sare za shule za mtaa mzima nikisikiliza habari za ukungu na bahari. Kuna siku nilitamani kuwashona midomo.

Baba alipostaafu, klabu ilimpa kikatio cha zamani kiwe kumbukumbu. Wengine wangekitundika ukutani. Yeye alikipeleka uani, kwenye kijisehemu cha nyasi kilichopo kati ya kamba ya nguo na bafu, na kila alfajiri akahamisha shimo. Bendera alinikatia kwenye kitambaa changu kizuri bila hata kuomba. Nilipiga kelele, nikachoka, nikazoea. Lazima niseme kwamba hakuna asubuhi hata moja aliyoacha shimo la jana likiwa wazi.

Mpaka asubuhi ile. Nilikuwa naenda kuanika nguo, beseni kichwani, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo. Nilianguka na beseni na matusi yangu yote. Shimo la jana lilikuwa wazi. Lile jipya lilikuwa pembeni, bendera imesimama, na kizibo kimewekwa juu ya nyasi, kimeanza kukauka. Nilikiangalia kile kizibo na hasira zikaniisha zote. Nilijisemea kwamba Baba angesahau jina langu kabla ya kusahau kizibo. Baadaye wiki hiyo hiyo aliniita kwa jina la marehemu shangazi, kwa hiyo nilikosea mpangilio tu.

Kaka yangu, anayeuza vipuri vya magari mji wa pili, alikuja akampeleka hospitali. Daktari akasema kumbukumbu inaondoka, itaendelea kuondoka, na mzee asisumbuliwe. Sasa kaka yangu ana moyo mzuri, ila ukimpa nusu neno anatunga sheria. Alirudi na amri: kuanzia leo hakuna kumbishia Baba.

"Akisema jua limechomoza magharibi," alituambia, "jibu ni ndiyo Baba, na linapendeza."

Akamvuta Upepo pembeni, karibu na cherehani yangu. Mzee wa watu alivua kofia, akasikiliza yote.

"Hata kuhusu mashimo?" akauliza.

"Hasa hayo mashimo, baba mdogo."

Kaka aliondoka na gari lake. Kesho yake mchana wazee wakakaa kwenye benchi kama kawaida, na Baba akaanza na milima yake. "Ukisimama pale juu," alisema, "ukungu unaanza kuondoka kidogo kidogo, halafu mbele yako unaiona bahari."

Bahari! Milimani! Niliondoa mguu kwenye pedali. Upepo aliinua kidole, akakitazama, akakishusha bila kukilamba.

"Kweli kabisa mwenzangu," alisema. "Na nikwambie, nimefikiri sana. Shimo lako ndilo zuri. Langu limeshindwa."

Nilidhani Baba atarukaruka. Miaka yote alikuwa anasubiri neno hilo. Lakini alimgeukia rafiki yake, akamgusa paji la uso.

"Unaumwa?" akamuuliza.

"Mimi? Hapana, niko mzima."

"Basi anayeumwa ni mimi."

"Nani kakwambia?"

"Nimeshika ukoka tangu kijana," Baba alisema. "Ukoka wa milimani, ukoka wa pwani. Leo univike kilemba chake, unadhani sitaujua?"

Akanyanyuka, akaingia ndani. Upepo alibaki pale na kofia yake mapajani, mimi nikajifanya natafuta uzi.

Kuanzia siku hiyo Baba hakwenda tena uani. Kikatio kiliegemezwa ukutani karibu na bafu, kikaanza kushika kutu. Ukimuuliza atakula nini, sawa. Ukimuuliza kama kalala vizuri, sawa. Sisi tulimkubalia kila kitu na yeye akatukubalia kila kitu, nyumba ikawa na adabu kama chumba cha kusubiria daktari. Upepo alikuja, akasalimia, akasema ndiyo zake chache, akaondoka mapema. Roho iliniuma kuliko nilivyotegemea. Kumbe makelele yale ndiyo yaliyokuwa Baba mwenyewe, na sisi tulikuwa tunamzima huku tukimtabasamia. Nilimpigia kaka simu.

"Katulia?" akauliza. "Si ndivyo daktari alivyotaka?"

"Huku si kutulia, kaka. Tunamwomboleza mtu ambaye anakunywa chai."

"Mdogo wangu, wewe ni fundi cherehani, si daktari."

Nilichomjibu sitakiandika hapa.

Siku moja jua likiwa kali, nikiwa napindia sketi, Upepo akatokea. Hakusalimia. Alisimama kwenye ngazi ya baraza, akalamba kidole, akakiinua juu kabisa, na nikajua kuna jambo.

"Wewe mzee!" akapaza sauti kuelekea ndani. "Toka nje. Siku ile nilikudanganya. Nilitumwa, nikakubali kutumwa, na nimejidharau. Shimo lako la saba si la kwanza. Hata la pili silo. Nimelipima kila upande, nimeona hata yale ya oili kule nyikani yanalishinda."

Mkasi uliniponyoka. Ndani nikasikia kiti kinakwaruza sakafu, na Baba akatokea mlangoni na ndala moja.

"Ya oili?"

"Ya oili."

"Wewe, umebeba mifuko ya watu mpaka mgongo ukapinda, hujajifunza kitu, unakuja mlangoni kwangu kuniambia ya oili?" Sauti ilikuwa yake, ile ya zamani. "Umewahi kusimama pale juu asubuhi? Kijito kinalia chini, ukungu unapanda, na bahari..."

"Ishia hapo hapo," Upepo alisema. "Bahari ni yangu."

"Yako kivipi?"

"Iko pwani, kwenye shimo langu. Wewe una kijito na ukungu, basi. Umeniibia bahari, mzee, mchana kweupe."

Baba alisimama. Nilimwona anaitafuta, macho yakienda huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Nilitaka kusema kitu, nikaing'ang'ania ile sketi.

"Nimechanganya?" akauliza taratibu. Hakuniuliza mimi.

"Umechanganya."

"Nachanganya mara nyingi?"

"Siku hizi, mara nyingi," Upepo alisema, akivua kofia.

Baba akakaa kwenye benchi. Alifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi. "Basi uwe unaniambia."

"Nitakwambia. Tena kwa makelele."

"Bahari chukua. Ukungu niachie."

"Ukungu wako sina haja nao, unalowesha viatu."

"Kwa sababu hujui kuchagua viatu," Baba akasema, na wakaanza upya. Mimi nililia juu ya sketi ya mteja, ikabidi niipige pasi tena.

Asubuhi iliyofuata bendera ilikuwa imehamia nyuma ya kamba ya nguo. Shimo la jana lilikuwa wazi, kizibo pembeni. Nilikiokota, nikakitia, nikakishindilia kwa kisigino. Baba alikuwa mlango wa jikoni na kikombe chake.

"Umekiweka juu mno. Mashine ya nyasi itakichuna."

Hatujawahi kuwa na mashine ya nyasi. Nilifungua mdomo kusema ndiyo Baba, nikaufunga.

"Hapa hatuna mashine, Baba. Hiyo ilikuwa kazini. Na hakiko juu."

Alifikiri kidogo. "Hakuna mashine," alikubali. "Lakini kiko juu."

"Hakiko."

"Kiko."

Akaweka kikombe chini, akaja, akapiga magoti polepole huku akinishika bega. Alikipapasa kizibo kwa kiganja, kutoka kwenye nyasi za huku mpaka nyasi za kule. Kisha akauchukua mkono wangu, akaupitisha palepale, na kweli, kilikuwa juu.